Mafundo ya Mkono wa Kushoto

Marehemu Shemasi Hosea Mabry alikuwa hataki mashine kwenye boti yake. Hakutaka mota ndogo ya umeme ya kusogeza boti bila kelele, hakutaka kioo cha kuonyesha samaki waliko, hakutaka hata taa mpya. Waumini wa kanisa la Shady Bethel walimtania miaka nenda miaka rudi, naye aliwajibu kwamba Petro hakuwa na kioo na nyavu zilijaa vilevile. Sasa utabishana vipi na mtu wa namna hiyo? Walicheka, wakamwacha. Alikwenda ziwani peke yake na kurudi peke yake, na kule Alabama mvuvi wa peke yake haulizwi kitu. Ukimuuliza atadhani unatafuta shimo lake la samaki, mahali pa siri anapovulia, na kuulizia shimo la mwenzio ni utovu wa adabu kuliko kuulizia umri wa mkewe.

Alipofariki mwezi wa pili, boti ikawa ya mwanawe Tavares, mgawa barua wa posta, mwanamume wa miaka arobaini. Tavares hakuwa na habari za Petro. Alinunua mota, akanunua na kioo, akaivuta boti kwa trela mpaka uani kwa jirani yao Lucious Tolliver. Jumamosi iliyofuata kanisa lilikuwa na shindano la uvuvi la kumkumbuka shemasi, na ingekuwa aibu boti ya marehemu ibaki nyumbani.

Lucious alikuwa na miaka sabini na minne. Ujanani alikuwa fundi umeme wa manowari za jeshi la majini, kisha akafanya kazi kiwanda cha karatasi mpaka wakampa saa ya ukutani na kumwambia akapumzike. Mkewe Ernestine alikuwa amemtangulia miaka minne iliyopita. Mwanawe wa pekee, Lamar, alikuwa Milwaukee, na jina hilo halikutajwa katika nyumba ile. Jirani yeyote angekwambia: kwa mzee Lucious zungumza lolote, hata siasa, ila Lamar muache huko aliko.

"Anko, hiyo miwani ni ya kuonea au ya urembo?" Tavares alimuuliza asubuhi ile, alipomwona akichungulia karatasi ya maelekezo kwa mbali.

"Ya kuonea wajinga. Nakuona vizuri kabisa."

"Haya, basi nisomee hapo wameandika nini."

"Wameandika mwenye boti anyamaze, fundi afanye kazi. Lete drili."

Walianza na mota. Inakaa juu ya sitaha, kule omo, mbele kabisa, na lazima sitaha itobolewe ili boliti zishike. Lucious aliinama na drili, na ule unga wa faiba ukaanza kumwagika, mwekundu kama rangi ya boti. Drili ilipozama kidogo, unga ukabadilika ukawa wa kijani, wenye chembe zinazometameta.

"Ebo! Kumbe ilikuwa ya kijani?" Tavares alisema.

"Ilipakwa rangi. Baba yako aliipata wapi?"

"Mississippi, kwa mtu fulani. Mimi nilikuwa mtoto. Ilikaa huko kwa baba mdogo miaka kumi na miwili kabla hajaileta hapa."

Lucious alipangusa ule unga kwa kiganja. Yeye naye aliwahi kuwa na boti ya kijani chenye kumetameta, futi kumi na saba, na ilimuuma kidogo kukumbuka. Lakini boti za kijani miaka ile zilikuwa tele, kila kiwanda kilitengeneza. Alitoboa matundu manne, akakaza boliti, akamtuma Tavares alete ndoo ya karanga za kuchemsha iliyokuwa jikoni. Wakala, maganda wakayatupa uani, wakataniana juu ya nani angeshika mkia katika shindano.

Kazi ngumu ilikuwa waya. Betri iko tezi, mota iko omo, na waya mnene wa umeme hupita ndani ya ubavu wa boti, kwenye giza, mahali ambapo jicho halifiki. Tavares aliusukuma kutoka nyuma, Lucious akausubiri mbele. Ulikwama katikati, karibu na kiti cha dereva.

"Sukuma!"

"Nasukuma, anko!"

"Unasukuma au unaubembeleza? Acha, acha, utauchubua."

Lucious alifungua skrubu nne za kifuniko cha ubavuni, akalala kifudifudi juu ya sitaha, akaingiza mkono wa kushoto mpaka begani. Alikuwa mtu wa shoto tangu kuzaliwa. Alipapasa. Vidole viligusa kishungi cha nyaya za zamani zilizofungwa pamoja kwa uzi wa nta, fundo baada ya fundo, kila moja umbali wa dole gumba kutoka jingine.

Mkono ukasimama.

Siku hizi hakuna anayefunga nyaya kwa uzi. Wanatumia vile vibano vya plastiki, kachi kachi, umemaliza. Uzi wa nta ni mambo ya manowari, na yeye alifundishwa na bwana mmoja mkali aliyewapiga rula vidoleni. Yule bwana alikuwa akimgombeza kila siku kwa sababu mafundo ya Lucious yalitoka kinyume: ya wenzake wote yalilalia kulia, yake yalilalia kushoto. Alijaribu kujirekebisha akashindwa, na mwisho bwana mwenyewe akasalimu amri.

Yale mafundo mle gizani yalilalia kushoto. Vidole vilijua kabla ya kichwa. Aliyapapasa moja moja, la kwanza, la pili, la tatu.

"Anko? Umelala?"

Alikikamata kile kishungi akakivuta nje kwenye mwanga, na nyaya zikatoka zikiwa na vipande vya utepe mweupe, kila waya na chake, vimeandikwa kwa wino wa bluu. Mwandiko wake Lucious ulikuwa kama nyayo za kuku, kwa hiyo siku zile mkewe ndiye aliyemwandikia. Ernestine alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kalamu mkononi, akimcheka.

Tavares aliinama, akasoma kwa sauti. "Taa ya mbele. Honi. Na hii hapa... Pampu. Usiiguse tena, Lucious."

Alisoma akitabasamu, kisha tabasamu likafa. Akasoma tena kimyakimya. Akamtazama mzee.

"Anko, mbona jina lako liko humu?"

Lucious alikaa kitako juu ya sitaha.

"Niliunguza fyuzi ya pampu mara tatu," alisema. "Wiki moja. Ernestine akaniandikia hiyo."

"Sielewi."

"Hii boti ni yangu, Tavares."

Ndiyo, ilikuwa yake. Ilikuwa imeibwa uani hapohapo mwezi wa sita mwaka tisini na nne, alfajiri, trela na kila kitu. Aliinunua kwa jasho la miaka sita ya zamu za ziada kiwandani. Asubuhi ile aliposimama pale penye alama za matairi, mtu wa kwanza kuja kumpa pole alikuwa Hosea Mabry. Alimshika bega. Akamwambia kwa huzuni, ndugu yangu inaniuma kukuambia, lakini nimemwona mwanao Lamar na pikapu yako kwenye barabara ya Mississippi, anavuta kitu kimefunikwa turubai.

Shemasi kasema! Nani angemkatalia shemasi? Na Lamar alikuwa na miaka kumi na tisa, ana marafiki wabaya, wiki mbili kabla alikuwa amelala rumande kwa ugomvi. Lucious aliingia jikoni akamkabili, na kijana akanyamaza, akamkodolea macho tu. Kunyamaza kule baba alikuita kukiri. Kabla ya saa sita nguo za Lamar zilikuwa zimetapakaa uani, na jioni kijana alikuwa kwenye basi.

Na Hosea? Hosea aliendelea kukaa naye benchi moja kila Jumapili. Miaka thelathini na moja, jamani! Alikuwa akimwekea mkono begani, anafumba macho, anamwombea Lamar atubu. Kwa sauti, mbele ya watu, na watu wanaitikia amina. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, lakini huyu alikuwa hata nguoni hakukaa, alikaa begani kabisa, mchana kweupe.

"Hapana," Tavares alisema. Alikuwa amesimama chini ya trela, ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili. "Hapana, anko. Baba aliinunua. Aliuziwa na mwizi, hakujua. Baba yangu si mwizi!"

"Aliniambia kamwona Lamar anaivuta."

"Labda alimwona!"

"Labda alimwona Lamar anavuta boti kwenda Mississippi, halafu yeye akaenda Mississippi akainunua boti ileile, bila kujua? Akaipaka rangi? Akaificha kwa ndugu yake miaka kumi na miwili? Mimi nimeishi mita hamsini kutoka kwake, sijawahi kukanyaga ndani ya boti hii hata siku moja. Nilidhani anaficha shimo la samaki." Lucious alicheka kicheko kibaya. "Nikamheshimu! Nikawa nawakemea wanaomchokoza. Mwacheni shemasi na boti yake, nawaambia. Kila mtu ana siri yake ya samaki. Mungu wangu!"

Alishuka kwa taabu, akaokota nyundo iliyokuwa juu ya meza ya kazi. Tavares hakurudi nyuma. Mzee alisimama mbele ya ule ubavu mwekundu, nyundo juu, kifua kinapanda na kushuka. Mota mpya ilikuwa inang'aa kule omo, na kioo kilikuwa bado ndani ya boksi lake. Alitaka kupasua kitu. Lakini boti ilikuwa yake, na mwenye kosa alikuwa kaburini nyuma ya kanisa, amezikwa kwa heshima, na yeye Lucious ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele. Hilo nalo likamjia. Alimbeba!

Nyundo ikaanguka majanini.

Tavares alikuwa amekaa chini, kichwa mikononi. Alipozungumza, Lucious alidhani analia, lakini macho yalikuwa makavu, yametoka pima.

"Anko, nilikuwepo."

"Wapi?"

"Ghalani kwa baba mdogo, kule Mississippi. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alinichukua, akaniambia ni siri yetu, tunaipamba boti, mama asijue mpaka iishe. Mimi nilibandika utepe wa karatasi pembeni ili rangi isivuke mstari." Alitazama ule ubavu mwekundu. "Ilikuwa ya kijani. Nimekumbuka sasa hivi, uliposema aliipaka rangi. Nilikuwa nasema ni nzuri hivyohivyo, kwa nini tuibadilishe, akanipa soda ninyamaze."

Lucious alimtazama. Alimtafutia hasira akaikosa. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akija kwake kuziba pancha ya baiskeli, ndiye aliyefundishwa naye kuendesha gari, ndiye aliyekaa naye hospitalini usiku Ernestine alipofariki. Alikuwa amemlea mtoto wa mwizi, na wake mwenyewe akamtupa. Wazo hilo lilipomfika akajishikilia kwenye gurudumu la trela.

"Ulikuwa mtoto," alisema.

"Kanisa zima Jumamosi..."

"Waache kanisa."

"Anko, nitasema. Nitasimama nitasema mbele yao. Sijui nitaanzaje, lakini nitasema."

"Tavares, hao wote niachie." Mzee alikuwa anahema. "Lamar. Nilimtoa kwangu. Nilimtupia nguo kama za mbwa."

Jirani wa upande wa pili aliwasha mashine ya kukata nyasi, akaizima, akaiwasha tena. Tavares aliinuka, akapanda kwenye boti, akaichukua simu ya mzee iliyokuwa juu ya kiti cha dereva, akaileta.

"Piga," alisema.

"Hawezi kupokea."

"Piga, anko. Usipopiga wewe nitapiga mimi, na hili halifai lianzie kinywani mwangu. Jina langu ni Mabry."

Namba ilikuwemo. Ernestine aliiweka mwezi mmoja kabla hajafa, akamwonyesha, na pale pa jina aliandika Mwanao. Lucious hakuwahi kuipiga na hakuwahi kuifuta. Aliibonyeza sasa kwa dole lenye vumbi la kijani, akaiweka sikioni. Ikaita mara sita.

"Haloo?" Sauti nzito. Nyuma yake kulikuwa na kelele za karakana. Kisha akasema kama mtu anayetazama namba asiyoiamini: "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Baba?"

"Ndiyo. Mimi. Hakuna aliyekufa, yaani... shemasi, lakini ni tangu mwezi wa pili."

"Nilisikia. Unataka nini?"

Lucious alitazama zile nyaya zilizoning'inia ubavuni, na utepe mweupe juu yake. "Nimeiona boti."

Kelele za karakana zikapungua. Lamar alikuwa ametoka nje, au amefunga mlango.

"Boti gani?"

"Yangu. Ile ya kijani. Ilikuwa kwa Hosea. Miaka yote hii, Lamar, ilikuwa kwa Hosea! Ameipaka rangi nyekundu. Nimeingiza mkono nikakuta mafundo yangu, na maandishi ya mama yako. Ni yeye aliyeniambia amekuona. Ni yeye, na kumbe..." Akazishika zile nyaya. "Sikujua. Nakuapia sikujua."

"Sawa," Lamar alisema.

"Sawa tu?"

"Unataka niseme nini, baba? Mimi sikuhitaji kuiona boti. Mimi nilijua sinayo."

"Mbona hukusema, basi?" Lucious alijikuta anapaza sauti, na Tavares aligeuza uso. "Nilikuuliza! Jikoni, mama yako amesimama pale karibu na jiko. Ungesema neno moja tu. Nilikuuliza, ukanyamaza, ukanikodolea macho!"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza, Lamar! Mara tatu!"

"Uliniuliza nimeiuza bei gani."

Lucious alihamisha simu sikio la pili.

"Hilo ndilo lilikuwa swali," Lamar alisema taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokisoma mara elfu. "Umeiuza bei gani. Mara tatu, kweli, bei gani, bei gani, bei gani. Hukuniuliza kama nimeichukua. Mama alikuuliza, mbona humuulizi kama ni yeye, ukamwambia asiingilie."

Jiko likamrudia Lucious lote: sufuria ya uji wa mahindi motoni, Ernestine na mwiko mkononi, mtoto amesimama mlangoni pekupeku. Aliisikia sauti yake mwenyewe, na ilikuwa inasema vilevile kama Lamar alivyosema. Hapakuwa na neno jingine. Miaka thelathini na moja alikuwa akijiambia kwamba alimuuliza mwanawe. Alikuwa amewaambia watu kanisani, amemwambia Mungu. Shemasi alimdanganya kuhusu boti. Hili alikuwa amejidanganya mwenyewe.

Alikaa juu ya ile ndoo ya karanga, simu sikioni, na Tavares akasogea haraka akidhani mzee anaanguka.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," Lamar alisema. "Nina kiburi kama chako. Nikasema sijitetei kwa kosa ambalo sijaulizwa. Nitangoja aniulize. Nikangoja pale uani naokota nguo. Nikangoja stendi ya basi. Kwenye mazishi ya mama nilisimama mlangoni nusu saa, watu wote wameondoka, na wewe ukapita mbele yangu umeshikwa mkono na shemasi."

Lucious alifuta uso kwa mkono mzima. Kusamehewa hakukuthubutu hata kumjia akilini. Kulikuwa na kitu kimoja tu alichokuwa anadaiwa, na kilikuwa kidogo kiasi kwamba aliona haya kukitoa sasa, na boti yenyewe imekaa mbele yake.

Hata hivyo akakitoa.

"Lamar," alisema. "Mwanangu. Uliichukua boti yangu?"

Akasikia pumzi ikivutwa kule Milwaukee, na sauti ya mwanamume wa miaka hamsini ikaja nyembamba, ya kijana.

"Hapana, baba," Lamar alisema. "Sikuichukua."